Mama Koli na Kichina cha Mlangoni

Hakuna aliyewahi kuchukua kifurushi chake kwa Mama Koli bila kusimama kwanza. Hata kama umetoka kazini miguu imevimba, hata kama umeacha gari linanguruma nje, ulisimama kizingitini huku yeye ameketi katikati ya maboksi, miwani puani, akikutazama kama afisa wa forodha anavyomtazama mtu mwenye sanduku zito.

"Koli yako iko," alikuwa akisema. "Lakini nitajuaje ni wewe? Batu ba mu hii nyumba banasalimiaka."

Basi unasalimia. Unauliza goti linaendeleaje, unauliza kwaya imefanya nini Jumapili. Ndipo anainua boksi, analitikisa karibu na sikio, na kutangaza kwa sauti inayofika ghorofa ya juu: "Hii ni nywele. Tena za bei ndogo."

Koli ni neno la Kifaransa la kifurushi, nalo Wakongo wameliingiza katika Kiswahili chao bila kumwomba mtu ruhusa. Yeye aliitwa Mama Koli kwa sababu pale Whitehall, pembeni ya mji wa Columbus, Marekani, tuliishi katika majengo ya kupanga ambayo mchana hubaki matupu. Kila mtu yuko ghalani, kiwandani, au anaosha wazee wa watu. Kifurushi kikiachwa mlangoni, ukirudi unakuta hewa. Mama Koli alikuwa nyumbani kwa sababu ya goti lake, kwa hiyo madereva wa vifurushi walizoea kumpelekea vya jengo zima. Sebule yake ilikuwa posta, na yeye alikuwa mkuu wa posta, karani, na mtangazaji wa habari.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala alikuwa binti wa nani. Sikumwuliza, na hilo ni moja ya mambo ninayojilaumu, maana nimefahamiana naye katika miji mitatu, Louisville, Columbus na Buffalo, na katika yote mitatu nilikuwa mtu wa kusema kuliko kusikiliza. Marehemu mke wangu aliniambia hivyo. Watoto wangu wameniambia hivyo, kwa Kiingereza. Sasa nimezeeka, najiambia mwenyewe.

Kilichomfanya awe mtu wa kusimuliwa ni Kichina chake. Kabla vita havijalila duka lake la Uvira, alikuwa mfanyabiashara wa viatu na vifuniko vya simu, na kwa miaka kadhaa aliishi Guangzhou, China, katika chumba cha juu kabisa cha jengo refu, pamoja na wanawake wengine wa biashara. Kule, alisema, huendi sokoni; soko linakufuata kwa pikipiki. Kijana wa vifurushi anakupigia simu akiwa chini barazani, ana haraka, hajui Kifaransa wala Kiswahili, na asipopata jibu anaondoka na mali yako. Hakuwa na mwalimu. Simu ndiyo iliyomfundisha.

"Kwaidi dao le," maana yake kifurushi kimefika. "Fang menko," kiweke mlangoni. "Deng i sha," ngoja kidogo. "Ma shang sha lai," nateremka sasa hivi. "Ching chien shou," tafadhali tia saini. Nayaandika kama alivyoyatamka yeye, kwa ulimi wa ziwani, na Mchina akiyasoma hapa anisamehe. La mwisho lilikuwa "shin ku le," ambalo ni kama "pole na kazi" ya kwetu, na hilo alilipenda kuliko yote. Alisema Wamarekani hawana neno hilo, ndiyo maana wanapokea vitu kama wameviokota.

Hicho ndicho kilikuwa Kichina chake chote. Hakujua kuomba maji. Hakujua kuuliza njia wala kusema anaumwa. Lakini kwa habari ya kupokea mzigo mlangoni, angeweza kuishi China mpaka uzee.

Mara ya kwanza nilimkuta Louisville, katika ghala kubwa la vifurushi karibu na uwanja wa ndege. Ndege zilishuka, mikanda ilizunguka, na sisi tulisimama kando yake tukipanga maboksi ya kwenda miji ambayo hatukuwahi kuiona. Likija boksi lenye maandishi ya Kichina, yeye alilipapasa kama mtoto wa ndugu yake. Kulikuwa na kijana mmoja wa Bukavu, mwenye nguvu na mwenye kiburi kidogo, akamwuliza hapo limeandikwa nini.

Mama Koli alivaa miwani. Alisoma taratibu, kidole kikipita juu ya herufi.

"Imeandikwa hivi: hii koli isibebwe na kijana mwenye hajapigia mama yake simu."

Kijana alicheka. Kisha akaliweka boksi chini, akaliangalia tena. Wakati wa mapumziko tulimwona amejibanza karibu na mashine ya soda, simu sikioni, akisema, "Hapana mama, niko muzima, ni kazi tu." Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Boksi lililofuata Mama Koli aliligeuza upande wangu.

"Na hii imeandikwa, muzee wa Kigoma apunguze maneno."

"Wapi hapo, mama?"

"Hapa."

Alikuwa ameweka kidole juu ya picha ya mwavuli, ile alama ya kuonya kwamba boksi lisinyeshewe.

Aliniita shemeji. Hatukuwa na undugu wowote, ila marehemu mume wake aliwahi kuuza dagaa Kigoma, na kwake hilo lilitosha. Mimi ni Mwislamu wa Ujiji, niliyemaliza kidato cha nne na kujiona nimesoma. Yeye alikuwa mama wa kwaya aliyesali kwa sauti ya kutikisa vikombe. Goti lilipomshinda ghalani alihamia Columbus kwa mwanawe, na mimi nikahamia baadaye kwa binti yangu, jengo hilohilo. Kwaya yake ilinipenda kwa sababu ya gari langu lenye viti vingi.

Ndivyo nilivyokuwepo siku kwaya ilipokwenda kula katika mkahawa wa Kichina baada ya ubatizo. Mimi nilikuwa nimewaambia njiani, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba Mama Koli hana Kichina, ana maneno machache ya simu. Mhudumu akaja, kijana mwembamba mwenye kalamu. Kiongozi wa kwaya akasema, "Mama, umuambie mu Kichina."

Meza nzima ikamgeukia. Mama Koli akaweka orodha ya vyakula chini, akarekebisha kilemba.

"Kwaidi dao le," akasema. "Fang menko. Deng i sha."

Yaani, kifurushi kimefika, kiweke mlangoni, ngoja kidogo. Kijana aliinama kama anayetoa heshima, mabega yakimtetemeka, akakimbilia jikoni. Akatoka mpishi mwenyewe, mikono ina unga, akitafuta kwa macho ni nani ameagiza kifurushi. Mama Koli akamtazama kuanzia viatu vilivyolowa mpaka kofia, akasema polepole, "Shin ku le."

Mpishi alisimama pale. Sijui ni lini mtu alimwambia maneno hayo mara ya mwisho. Alirudi jikoni, akaleta sahani ya machungwa yaliyomenywa vizuri, ambayo hayakuwa katika hesabu yetu. Kwaya yote ikageuka kunitazama mimi. Tangu siku hiyo Whitehall nzima ilijua kwamba Mama Koli anasema Kichina, na habari ikishatoka kanisani hairudi.

Nilimgombeza garini. Nikamwambia amewadanganya watu wa Mungu.

"Shemeji, kudanganya ni kukamata kitu ya mutu. Mi nimekamata nini? Machungwa baliniletea benyewe."

Huo ndio uliokuwa utata wake. Kwa upande mmoja aliachia uongo mwepesi upite kama upepo. Kwa upande mwingine, kifurushi cha mtu kilikuwa amana ambayo hata malaika asingepewa. Mume mmoja wa jengo letu alikwenda kuchukua boksi la mkewe.

"Jina hapa ni ya nani?" Mama Koli akamwuliza.

"La mke wangu."

"Basi mke wako akuye."

"Mama, mimi ndiye mume wake."

"Bon. Hongera."

Na boksi likabaki pale mpaka mke aliporudi kutoka kiwandani. Vijana waliozaliwa huku, wanaojibu wazazi kwa Kiingereza, hawakupata viatu vyao mpaka waseme shikamoo, na wakiisema vibaya aliwarudisha nje waingie upya. Mmoja alimwambia mama yake kwamba yule bibi ameteka viatu vyake. Mama yake akajibu, "Ulisema shikamoo ama hukusema?"

Habari ya Kichina ilitembea kutoka kanisani ikafika kwa mwanamke mmoja aliyewatafutia watu kazi za kutunza wazee. Huko Clintonville, kaskazini ya mji, kulikuwa na dada wa Kichina, mfamasia, anayeishi na mama yake. Mama alikuwa ameanza kusahau. Alisahau kwanza majina ya majirani, kisha Kiingereza chote, kikamtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, akabaki na Kichina peke yake. Binti alitaka mtu wa kukaa naye mchana, anayejua lugha.

"Unasema Kichina?" wakamwuliza Mama Koli.

"Ya kutosha," akajibu.

Wenye vifurushi wa Whitehall ndio waliolia. Mimi nilipewa kazi ya kumpeleka kila asubuhi, kwa maana hakuendesha na mabasi yalizunguka mno.

"Mama, utaumbuka," nikamwambia siku ya kwanza.

"Unajua nini? Wewe unasemaka Kiswahili ya shule, na hakuna mutu anakusikilizaka."

Nilimsindikiza mpaka sebuleni, kusema kweli nikitaka kuona atakavyoumbuka. Bibi, mama wa yule mfamasia, alikuwa ameketi kwenye kiti cha mikono, mdogo, nywele nyeupe zimechanwa vizuri. Alimtazama Mama Koli na kumwuliza swali refu, lenye milima na mabonde. Binti alikuwa anatafuta funguo, amechelewa kazini. Mama Koli akainama, akashika mkono wa Bibi, akasema kwa upole mkubwa, "Deng i sha."

Ngoja kidogo. Na Bibi akangoja. Binti akapumua, akaondoka. Nilirudi garini nikiwa nimekasirika, sijui kwa nini, labda kwa sababu sikuona nilichokuja kuona.

Lakini tatizo la nyumba ile halikuwa maneno. Bibi alikuwa hali chakula. Ukimpelekea chakula anatabasamu na kusema ameshakula. Binti akimpelekea, ndiyo mbaya zaidi: "Nimeshakula, kula wewe." Wamama wa Kichina na wamama wa kwetu wamesoma shule moja katika jambo hilo: mama hula wali wa kufikirika ili mtoto ashibe wa kweli. Alipungua mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni. Daktari akamwambia binti waziwazi: akiendelea kupungua, hawezi kubaki nyumbani, itabidi apelekwe kwenye nyumba ya wazee alishwe huko. Binti alikuwa tayari amekwenda kuiona. Alimwambia Mama Koli jikoni, akiwa amegeukia sinki, kwamba pale hakuna hata mmoja atakayeelewa mama yake anasema nini.

Mama Koli aliniletea habari hiyo garini, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Bakimupeleka kule, atakufa ju ya kunyamaza," alisema.

Kisha siku moja akatoka pale anacheka peke yake. Kengele ilikuwa imelia, kifurushi cha binti, dereva wa kweli. Bibi, ambaye ilichukua asubuhi nzima kumwinua kutoka kitini, alisimama mwenyewe. Alizilaza nywele kwa kiganja, akatembea mpaka mlangoni, akapokea boksi kwa mikono miwili, akamwambia dereva shin ku le, akafunga mlango. Alitembea na lile boksi kama mwenye nyumba.

"Shemeji, ile kizibao yako ya Louisville bado uko nayo?"

Nilikuwa nacho, kile cha kazi ya ghalani, cha rangi ya machungwa kinachong'aa. Sikuuliza cha nini, na nilipojua nilikuwa nimeshachelewa.

Kesho yake Mama Koli aliweka bakuli la uji wa mchele wenye kuku ndani ya boksi dogo, akalifunga kwa utepe. Alivaa kizibao, akavaa kofia ya mwanawe, akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba na goti lake, akapiga kengele ya mbele.

"Kwaidi dao le," akaita.

Ndani zikasikika nyayo. Bibi akafungua.

"Ching chien shou," akasema Mama Koli, akampa kalamu.

Bibi akatia saini juu ya boksi. Akapokea kwa mikono miwili. "Shin ku le," akasema, akafunga mlango. Mama Koli akazunguka tena kwa mbio za kiwete, akaingia jikoni, akavua kizibao, na alipochungulia sebuleni alimkuta Bibi ameshafungua boksi lake, anakula.

Ikawa ndiyo kazi. Uji, tambi, mayai, wakati mwingine sombe, kisamvu cha Wakongo, ambayo Bibi aliirudisha na boksi lake, imefungwa upya. Mama Koli alilichukulia hilo kama dharau kwa taifa zima. Binti aliona mama yake anapata mashavu, akaamini ni ufasaha wa Kichina. Mimi kila asubuhi nilimwambia Mama Koli aseme ukweli kabla ukweli haujajisema, na kila asubuhi aliniambia nitazame barabara.

Ulijisema wenyewe. Binti alirudi mchana mmoja kwa sababu alisahau miwani, akamkuta mfanyakazi wake barazani, amevaa kofia kubwa na kizibao, anapiga kelele kwa Kichina kwenye mlango wa nyumba ambayo ufunguo wake anao mfukoni. Nilikuwa nimefika mapema kumchukua, kwa hiyo niliona kwa macho yangu.

Waliongea kwa Kiingereza, kila mmoja chake.

"Unafanya nini?"

"Naleta chakula."

"Mama yangu si mtoto wa kuchezewa."

"Ndiyo. Ndiyo maana simulishi na kijiko."

"Unajua Kichina au hujui?"

Mama Koli alivua kofia. "Najua ya mlangoni," akasema.

Binti akamwambia aende nyumbani. Hakupaza sauti, na hilo liliuma zaidi. Njiani kote nilikuwa na maneno yangu ya "si nilikuambia," nimeyapanga vizuri, na nikayasema yote. Mama Koli alitazama nje ya dirisha. Kama kuna safari katika maisha yangu ningependa kuirudia nikiwa nimefunga mdomo, ni ile.

Whitehall walifurahi kumpata tena. Yeye hakufurahi. Alitoa vifurushi bila kuvitikisa, na watu wakachukua mizigo yao bila kusalimia, na yeye akawaacha.

Kisha simu yangu ikalia. Ilikuwa binti. Namba yangu alikuwa nayo kwa sababu ya usafiri, na nadhani ilikuwa rahisi kwake kuongea na dereva kuliko na yule aliyemfukuza. Aliniambia alijaribu mwenyewe. Alinunua kofia. Aliweka supu ndani ya boksi, akapiga kengele, akasema maneno yote kwa Kichina safi cha nyumbani kwao. Mama yake akafungua, akamtazama, akapokea boksi. Halafu akamshika mkono, akamwambia, "Umechoka, mwanangu, ingia ule." Akamketisha mezani, akamfungulia boksi, akakaa mbele yake akimtazama mpaka amalize supu yote. Na yeye mwenyewe hakuonja.

"Niliimaliza," binti akaniambia. "Ningefanya nini?"

Nikaenda sebuleni kwa Mama Koli, nikampa simu. Alisikiliza kwa muda mrefu. Nikamwona macho yamelowa, kisha nikaona ule ukorofi wake ukirudi usoni taratibu, kama taa inayowashwa chumba cha pili.

"Deng i sha," akamwambia binti, akaweka simu chini, akaenda kupika chai, akainywa. Ndipo akairudia simu na kusema, "Ma shang sha lai." Nateremka sasa hivi.

Mwaka ule nyumba ya wazee haikutajwa tena.

Baadaye binti alipata kazi katika hospitali ya Buffalo, na hakuuliza kama Mama Koli atakuja, aliuliza anahitaji gari kubwa kiasi gani. Mwanawe Mama Koli alikuwa anatamani nyumba za bei nafuu za Black Rock, mtaa wa Buffalo karibu na mto ambako viwanda vilikufa na familia za Kikongo zikaingia. Wakahama wote. Mimi nilibaki Columbus, nikiahidi kuja, na nikakaa karibu miaka miwili bila kwenda. Hilo nalo liandikwe upande wangu.

Nilipokwenda, theluji ilikuwa bado imelala kando ya barabara, chafu, ngumu kama saruji. Nilimkuta Mama Koli kitandani, mguu umefungwa na kuinuliwa juu ya mito. Aliteleza akizunguka nyumba ya Bibi na boksi.

"Shemeji," akasema, hata kabla sijaketi, "Mungu njo amekutuma."

Kumbe tangu aanguke, Bibi alikuwa ameacha kula. Waliletwa wasaidizi wengine, mmoja wao anayejua Kichina chote, cha mlangoni na cha sebuleni. Bibi aliwaambia wote kwamba ameshakula. Daktari mpya alikuwa amesema maneno yaleyale ya daktari wa kwanza, na binti alikuwa amepewa muda mfupi tu wa kuamua.

"Mimi? Mama, niangalie. Nitamwambia nini?"

"Hakuna mutu anaangaliaka sura ya mutu wa koli. Banaangaliaka boksi."

Alinifundisha pale kitandani, akinirudisha nyuma kila nilipokosea, akisema natamka kama mtu anayesoma hotuba ya mkuu wa wilaya. Alinivika kizibao na kofia mwenyewe. Binti akaja kunichukua. Njiani hakusema kitu, na mimi nikafaulu kunyamaza.

Nilisimama barazani na boksi la supu. Nilipiga kengele.

"Kwaidi dao le," nikasema.

Alichukua muda. Nikasikia nyayo, zikasimama, zikaendelea. Bibi alifungua. Alikuwa amekonda mno, lakini nywele zilikuwa zimelazwa. Alinitazama viatu, akanitazama kizibao, akanitazama kofia. Nikampa kalamu. Akatia saini. Akapokea boksi kwa mikono miwili, kisha, badala ya kufunga mlango, akaniambia maneno mengi, polepole, kama mtu anayetoa maagizo. Sikuelewa hata moja. Nikamjibu la pekee nililokumbuka, shin ku le, ingawa nadhani yeye ndiye alipaswa kuniambia mimi. Akatikisa kichwa, akafunga.

Nikazunguka nyuma, mkono mmoja ukutani nisianguke. Jikoni nilimkuta binti ameegemea friji, kiganja mdomoni. Alikuwa amesikia yote. Sebuleni kulisikika kijiko kikigonga bakuli.

"Amesema nini?" nikauliza.

Binti aliondoa kiganja mdomoni.

"Ameuliza, yule mama ameumia mguu, au amechoka na sisi? Akasema ile kofia ni yake, wewe inakuzidi. Akasema supu imepoa, na kama utakuwa unakuja wewe, utembee haraka."

Nilirudi Black Rock nikamweleza Mama Koli kama nilivyoelezwa. Alitazama mguu wake juu ya mito.

"Donc, kumbe ananiachaka nizunguke nyumba," akasema mwishowe, "na hii goti, mu theluji, na anajua."

"Anajua."

"Tangu lini anajua?"

"Binti yake anasema hakuthubutu kumwuliza."

Alicheka kidogo kidogo, tumbo likitikisa blanketi, kisha akaacha, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Amekula?"

"Yote."

"Bon," akasema. "Kesho umupelekee ya moto."

Nilikuwa na tiketi ya basi la kurudi Columbus kesho yake asubuhi. Nikaiacha mfukoni, nikamwuliza supu hupikwa saa ngapi.